Umepewa kuongea mbele za watu? Namna ya kuandaa risala, hotuba au prezentesheni hatua kwa hatua

Watu wengi sana wanajua mambo yao vizuri kabisa, ukikaa nae kibarazani anakuelezea kitu mpaka unakishika, ila mpe maiki tu uone, sauti inakuwa ya kusoma taarifa ya habari, anaanza maneno ambayo hajawahi kuyatumia maisha yake yote, "tunakabiliwa na changamoto lukuki", na watu wa viti vya nyuma wameshatoa simu wanachati. Nimekaa kwenye kamati za mahafali, harusi na vikao vya wazazi kwa muda mrefu, na vijana wa chuo wanaokwenda kudifendi utafiti wao huwa nawasikiliza wakifanya mazoezi, na tatizo nalolikuta karibu kila mahali ni hilohilo moja: mtu kaandika kitu cha kusomwa wakati watu wamekuja kusikiliza. Msomaji akipotea anarudi juu ya ukurasa. Msikilizaji akipotea ndo basi tena, wewe unaendelea mbele na yeye amebaki nyuma, na hatakuambia, atakupigia makofi tu ukimaliza.

Kwahiyo hatua zote ninazozieleza hapa chini zinarudi kwenye sikio la mtu aliyekaa kiti cha nyuma. Nitatumia sana mfano wa risala ya shule kwa sababu ndio hotuba ambayo mtu wa kawaida anaweza kupewa muda wowote, leo umechaguliwa katibu wa kamati ya wazazi kesho unaambiwa utasoma risala mbele ya Mkuu wa Wilaya. Ila mambo ni yaleyale hata kama ni ripoti ya kazini, nasaha kwa maharusi au wasifu wa marehemu.

Hatua ya 1: Uliza maswali kabla hujashika kalamu

Usikubali tu "utaongea kidogo siku hiyo". Kidogo ni dakika ngapi? Nani anaongea kabla yako na nani baada yako? Watu watakuwa ukumbini au chini ya turubai uwanjani? Kuna maiki? Na la muhimu kuliko yote, wakitoka hapo unataka wafanye nini, watoe hela, wabadili msimamo, wakupe maksi, au wamkumbuke mtu kwa wema?

Jua pia ni akina nani hasa watakaokuwepo. Kwenye mahafali unaongea na watu wa aina tatu kwa wakati mmoja, yaani mgeni rasmi, wazazi, na wanafunzi waliokaa juani. Sasa huwezi kuwapa wote uzito sawa. Amua mapema nani ndo mlengwa. Kama ni risala basi mlengwa ni mgeni rasmi kwa sababu yeye ndo anaweza kufanya kitu, hao wengine wape salamu nzuri na sentensi mbili tatu za kwao.

Hatua ya 2: Sentensi moja

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo na hapa ndo watu wanaparuka. Chukua karatasi tupu, andika sentensi moja ambayo unataka mtu aliyekaa nyuma kabisa aweze kumwambia mke wake au mume wake akifika nyumbani, akiulizwa "enhe, walisema nini leo?" Sio mada, sentensi. "Nitaongelea hali ya vyoo shuleni kwetu" hiyo ni mada. "Wasichana wetu wanahitaji matundu kumi ya vyoo na wazazi tumeshaanza kujenga" hiyo ndo sentensi.

Kama huwezi kuiandika basi bado hujajua unachotaka kusema, usianze kuandika hotuba. Na usiniambie mada yako ni kubwa mno haiingii kwenye sentensi. Kuna mashindano yalianzishwa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, mwanafunzi wa PhD anapewa dakika 3 na slaidi moja tu isiyocheza wala kuwakawaka, aeleze utafiti wake wa miaka na miaka kwa watu ambao sio wa fani yake. Sasa hivi yamesambaa kwenye vyuo vya nchi nyingi na watu wanaweza. Kama utafiti wa PhD unakaa kwenye dakika 3, taarifa ya kikundi chenu cha kuweka na kukopa (VICOBA) nayo itakaa.

Hatua ya 3: Kusanya vyote, alafu kata bila huruma

Andika kila kitu kinachokujia kichwani, usijichuje. Ukishamaliza pitia kimoja kimoja na ujiulize, hiki kinaisaidia ile sentensi? Kama hakisaidii kitoe hata kama kinakuuma. Baki na mambo matatu, yakizidi sana manne.

Risala zetu nyingi zinaumwa ugonjwa huu. Unakuta mafanikio kumi na mbili, changamoto kumi na nne, uzio, madawati, nyumba za walimu, umeme, maji, mpira wa miguu haupo, printa imeharibika. Mgeni rasmi anasikiliza zote kwa heshima, anasimama anasema "changamoto zenu nimezipokea na tunakwenda kuzifanyia kazi", anapigiwa makofi anaondoka. Umempa kumi na nne, atashika ipi? Ukimpa moja yenye uzito, na mwisho wa risala ukamwambia zile nyingine zimeorodheshwa kwenye nakala aliyokabidhiwa, anajikuta inabidi aijibu ile moja palepale mbele ya wazazi wote.

Kwanini matatu? Kwa sababu sikio linayabeba. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, Novemba 1978, baada ya majeshi ya Amin kuingia Kagera, hoja yake nzima aliiweka kwenye mambo matatu, uwezo, sababu na nia, na mpaka leo ukimtajia Mtanzania la kwanza anakumalizia mengine mawili hata kama alizaliwa miaka ishirini baadae. Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1959 kwenye Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, aliongelea kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, ulete tumaini, upendo na heshima. Tena matatu. Angalia na kitu kingine pale, hakusema "tutakuwa nchi ya mfano barani Afrika", alitaja moto na akataja mlima ambao kila mtu anaujua. Ni picha inayoonekana kiasi kwamba uhuru ulipofika Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha huo mwenge kileleni kwelikweli. Ukipata picha ya namna hiyo kwenye hotuba yako, hata ndogo, itunze.

Hatua ya 4: Andika kama unavyoongea

Njia ninayowashauri watu wote ni hii, usianze kuandika, anza kuongea. Washa rekoda ya simu, jifanye unamuelezea dada yako au jirani yako ambaye hajui kitu kuhusu hilo suala, ongea dakika tano bila kusimama. Alafu sikiliza na uandike yale uliyoyasema vizuri. Utashangaa sentensi zako za mdomoni ni fupi na zina nguvu kuliko zile ambazo ungeziandika.

Tuchukue mfano. Tuseme shule ina wasichana 430 na matundu ya vyoo matano. Risala ya kawaida ingesema hivi:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, shule yetu inakabiliwa na changamoto ya uhaba mkubwa wa miundombinu ya vyoo hususan kwa watoto wa kike, hali inayopelekea adha kubwa kwa wanafunzi na hivyo kuathiri taaluma."

Hakuna uongo hapo ila hakuna kitu pia, mgeni rasmi ameshaisikia shule kumi zilizopita na kichwani kwake imepita kama upepo. Sasa sikiliza hii:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, shule hii ina wasichana mia nne na thelathini. Ina matundu ya vyoo matano. Kiwango cha serikali ni wasichana ishirini kwa tundu moja, sisi tundu moja wanagawana wasichana themanini na sita. Mapumziko ya saa nne ni nusu saa. Wakienda wote, kila mmoja ana sekunde ishirini. Wazazi tumeshachimba shimo na tofali zipo pale nyuma ya darasa la sita, utaziona ukitoka. Tunakuomba saruji na bati za kumalizia matundu kumi."

Hakuna neno gumu hata moja. Hizo sekunde ishirini zimetoka kwenye hesabu ya kawaida tu, dakika 30 ugawe kwa wasichana 86, lakini hakuna mama aliyekaa pale ambaye hatashtuka. Na angalia ombi limekuja baada ya kuonyesha tulichofanya wenyewe, hilo ni jambo kubwa, kiongozi anapenda kumalizia kitu kilichoanza kuliko kuanzisha.

Hapo kwenye namba nikae kidogo kwa sababu Kiswahili chetu namba ni ndefu kuzitamka. Ukiandika 1998 kwenye karatasi macho yanaona kitu kifupi, mdomo ukifika hapo unatakiwa useme elfu moja mia tisa tisini na nane, na ukiwa na woga unakwama katikati au unakimbilia Kiingereza. Shilingi 13,472,500 ndo usiseme. Kwa hiyo namba zote kwenye karatasi ya kusomea ziandike kwa maneno, na zile kubwa zikate, sema "milioni kumi na tatu na nusu hivi", hesabu kamili iache kwenye nakala. Na usirundike namba kwenye hotuba nzima, zikizidi hakuna anayezishika.

Na jambo lingine, ukishamaliza hoja ya kwanza waambie umemaliza. "Hilo la kwanza. La pili ni maji." Kwenye maandishi hii inaonekana kama unarudia rudia, kwenye kuongea ndo inawashika mkono wasikilizaji wasipotee.

Hatua ya 5: Salamu na itifaki

Salamu usizidharau, kwetu mtu asiyesalimia hasikilizwi. Ila zisile muda wako. Nimeona watu wanasalimia dakika tatu, asalaam aleikum, bwana asifiwe, tumsifu Yesu Kristo, shikamooni wazee, mambo vipi vijana, alafu anarudia kwa sababu ya kwanza haikuitikiwa kwa nguvu. Chagua inayofaa kwa watu wote waliopo, salimia mara moja kwa sauti iliyochangamka, songa mbele.

Itifaki nayo, taja wawili watatu wa juu kwa vyeo vyao sahihi alafu "itifaki imezingatiwa" inatosha. Majina na vyeo usiyatoe kichwani wala kwenye ratiba iliyochapwa wiki iliyopita. Siku yenyewe nenda kwa MC au kwa msaidizi wa mgeni rasmi, muulize nani kafika kweli, maana mara nyingi kiongozi anatuma mwakilishi, na ukimsomea mwakilishi jina la bosi wake umeanza vibaya, inabidi useme "anayemwakilisha Mheshimiwa fulani". Acha nafasi wazi kwenye karatasi, ujaze kwa kalamu hapohapo.

Baada ya salamu ingia kwenye jambo moja kwa moja. Usianze kwa "sikujiandaa", "mimi sio muongeaji", "naomba mnivumilie". Kwanini uwaambie watu wasikutegemee kabla hawajakusikia? Anza na namba inayoshtua, au tukio fupi lililotokea kweli, au swali ambalo wao wenyewe wanajiuliza. Na sentensi hizi za mwanzo, tatu au nne, zishike kichwani kabisa usizisome, kwa sababu dakika ya kwanza ndo woga unakuwa juu na ndo watu wanaamua kama watakusikiliza au watarudi kwenye simu.

Hatua ya 6: Andika mwisho wako mapema

Wengi mwisho wao ni "basi mimi nadhani niishie hapo, sijui kama kuna la kuongezea". Mwisho uandike mapema hata kabla ya katikati. Ni ile sentensi yako ya hatua ya 2, ukiisema sasa kwa namna ambayo inaomba kitu au inaacha jina la yule unayetaka akumbukwe, alafu asante, nyamaza, kaa. Ukisema "kwa kumalizia" ujue umeshaahidi, malizia kweli. Mtu akisema kwa kumalizia mara tatu watu wanaacha kumuamini.

Kuhusu urefu wenyewe, mwaka 1863 kule Gettysburg Marekani walikuwa wanazindua makaburi ya askari, mzungumzaji mkuu alikuwa Edward Everett, mtu aliyesifika kwa kuongea, akahutubia kama saa mbili. Baada yake akasimama Rais Abraham Lincoln akaongea kama dakika mbili, maneno 270 hivi. Watoto wa shule Marekani wanaikariri ile ya dakika mbili mpaka leo. Ukipewa dakika kumi andaa za saba au nane, makofi na vigelegele vitakula hizo zilizobaki.

Hatua ya 7: Karatasi unayoshika

Hili ni dogo lakini linaangusha watu. A4 moja nyepesi ikishikwa na mkono unaotetemeka inatetemeka mara mbili yake na ukumbi mzima unaona. Weka karatasi zako kwenye faili gumu, au andika kwenye vipande vya manila. Chapa kwa herufi kubwa, 16 au 18, mistari iachane, na kila sentensi ianze mstari mpya. Jaza nusu ya juu ya ukurasa tu, nusu ya chini iache tupu, ili macho yasizame chini mpaka watu waone utosi wako. Sentensi isikatike mwisho wa ukurasa ikaendelea mwingine. Weka namba za kurasa kubwa kabisa, na usizipige pini, zikiwa huru unazisogeza pembeni kimyakimya.

Usomaji wenyewe ni hivi, angalia chini uchukue sentensi, inua uso, iseme kwa watu, shuka tena. Ile kimya ya katikati wewe utaiona ndefu kama mwaka, kwa msikilizaji ni nafasi ya kumeza ulichosema.

Kama ni prezentesheni ya kazini au chuoni ambapo unajua mambo yako, usiwe na hotuba nzima, kuwa na vichwa vya habari tu na namba ambazo hutaki kukosea.

Hatua ya 8: Mazoezi, kwa sauti na umesimama

Kusoma kimyakimya kitandani sio mazoezi. Simama, shika karatasi zako, ongea kwa sauti ileile utakayotumia, na upime muda. Utakuta maneno ambayo mdomo wako hauyataki, kila unapofika hapo unajikwaa, sasa usikomae nalo, libadilishe. Rekodi alafu usikilize ukiwa unafanya kazi nyingine, jikoni au kwenye daladala. Utasikia "aaa" zako na "yaani" zako na "kwamba" zako, ukishazisikia tu zinaanza kupungua zenyewe.

Baada ya hapo tafuta mtu mmoja akusikilize, asiwe wa fani yako. Ukimaliza usimuulize "nimeongeaje?" maana atakuambia vizuri, watu wetu wana adabu. Muulize "umekumbuka nini?" Akikutajia ile sentensi yako ya hatua ya 2, umefika. Akikutajia kitu kingine, rudi ukaangalie kwanini hicho kimeifunika.

Kwa anayetaka kujijenga kabisa kwa muda mrefu, kuna klabu za Toastmasters, walianza Marekani mwaka 1924 na zipo Dar es Salaam na Nairobi pia. Wanakutana, mnaongea kwa zamu, mmoja anashika saa, mwingine anahesabu "aaa" zako, na mwisho mtu anakupa tathmini ya kweli. Kama mjini kwenu hakuna klabu, watu watano wa ofisini au wa jumuiya mnaweza kufanya hivyohivyo kila Jumamosi, hakuna kinachozuia.

Kuhusu slaidi

Kwa wale wenye projekta. Slaidi moja wazo moja, maneno machache, herufi ambazo mtu wa nyuma anaziona. Ukibandika aya nzima watu wataisoma, na mtu hawezi kusoma na kukusikiliza wakati mmoja, utakuwa umejiwekea mshindani ukutani. Grafu weka moja ukae nayo uieleze, mstari huu ni nini na huu ni nini. Usiwape mgongo ukasoma ukutani. Weka nakala ya PDF kwenye flashi na nyingine ujitumie kwa barua pepe, kwa sababu kompyuta ya ukumbini inaweza kukataa faili lako, fonti ikabadilika, waya usiingie, au umeme ukakatika kabisa. Jiulize usiku wa kuamkia siku hiyo, umeme ukikatika naweza kuongea bila slaidi? Jibu likiwa hapana, mazoezi hayajaisha.

Mnaopresenti kikundi chuoni, msigawane kurasa. Wawili wanaoongea vizuri waongee, wengine wajibu maswali ya sehemu walizofanya, kama mwalimu wenu anaruhusu. Na kila mmoja ajue kazi nzima, paneli ina tabia ya kumuuliza yule aliyekaa kimya.

Hatua ya 9: Siku yenyewe, maiki na woga

Fika mapema, simama pale utakaposimama, tazama viti vikiwa vitupu. Jaribu maiki kabla watu hawajajaa, sio kuigonga gonga wala kuipuliza, sema sentensi yako ya kwanza. Ishike karibu na kidevu, kama upana wa ngumi kutoka mdomoni, na ukigeuza kichwa igeuke na wewe. Usisimame mbele ya spika, maiki ikielekea spika ndo ule mluzi unatoka unaoumiza masikio, ukiusikia sogea nyuma ya spika tu usiendelee kupiga "haloo haloo". Kama hamna maiki, usipige kelele, punguza mwendo na ongea na mtu wa mwisho kabisa, sauti yenyewe itamfuata.

Sasa woga. Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka, mikono ya baridi, hiyo ni adrenalini, mwili unajiandaa kwa kazi kubwa, hata wanaoongea kila siku wanaipata. Kuna mambo mawili ya utafiti ambayo yamewasaidia wengi niliowaambia. La kwanza, Savitsky na Gilovich wa Marekani walichapisha mwaka 2003 kwamba mzungumzaji anadhani woga wake unaonekana sana kuliko unavyoonekana kweli kwa watu, na wale walioelezwa jambo hilo kabla ya kuhutubia wakahutubia vizuri zaidi. Kwa hiyo unavyojisikia ndani sio wanavyokuona wao. La pili, Alison Wood Brooks wa Harvard, 2014, alikuta kwamba mtu anayejiambia "nina hamu na jambo hili" anafanya vizuri kuliko anayejilazimisha "tulia tulia". Inaleta maana, kwa sababu mwili umeshachemka, kuuzima ghafla ni kazi, bora uutumie.

Na vitu vya kawaida tu, kunywa maji ya kawaida kidogo kidogo, toa pumzi ndefu kuliko uliyoingiza mara kadhaa kabla hujaitwa, tembea kwenda mbele taratibu, ukifika weka karatasi, inua uso, tafuta sura moja inayokutazama vizuri, hesabu mpaka tatu, ndo uanze. Sentensi moja kwa mtu mmoja, inayofuata kwa mtu wa upande mwingine. Ukisahau, nyamaza uangalie karatasi, hakuna anayejua ulitakiwa kusema nini.

Hatua ya 10: Jiandae kukatwa muda

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu shughuli zetu zinachelewa. Ratiba inasema saa nne, mgeni rasmi anaingia saa sita, watoto wa ngoma wamecheza nyimbo tatu badala ya moja, na zamu yako ikifika MC anakunong'oneza "dakika tatu tu mwalimu, mheshimiwa ana kikao kingine". Hapo wengi wanafanya kitu kibaya kuliko vyote, wanasoma ileile ya dakika kumi kwa mbio za dakika tano, hakuna anayesikia kitu.

Ukiwa bado nyumbani, chukua kalamu nyekundu na uweke mstari pembeni ya zile aya ambazo hata ikibidi ubaki na dakika tatu lazima zisemwe. Kwa mfano wetu ni salamu, wasichana na matundu, tofali zilizopo, ombi, asante. Hizo zifanyie mazoezi kivyake kama hotuba inayojitegemea. Ukiambiwa dakika tatu unaruka kwenye mistari myekundu tu, kwa mwendo wako uleule wa taratibu. Na usiwatangazie watu "nilikuwa na mengi ila muda", waliokaa pale hawajui umekata nini, kwao hiyo ndo hotuba yenyewe.

Hatua ya 11: Maswali

Msikilize mtu mpaka amalize, usimrukie. Rudia swali kwa kifupi kwenye maiki kwa sababu wa nyuma hawakusikia, na wewe unapata sekunde chache za kufikiri. Jibu kwa ufupi, kwa wote sio kwa aliyeuliza peke yake. Usichokijua sema hukijui na useme utakileta lini na kwa nani, watu wanakuheshimu zaidi kuliko ukibabaisha. Kutakuwa na mzee atakayesimama kuuliza swali akatoa hotuba ya dakika sita, usimkatishe kwa ukali, subiri apumue, mwambie "asante sana mzee wangu, nimechukua mawili hapo", uyataje, ujibu moja, uendelee. Kwa wanafunzi, profesa akisema kuna kasoro usianze kubishana wala usikubali kila kitu, sema umeelewa nini, eleza kwanini ulichagua njia ile, na kama kweli ana hoja mwambie utaifanyia kazi, uandike palepale akikuona.

Hatua ya 12: Baada ya kukaa

Kama ni risala, hakikisha nakala iliyosafishwa, yenye namba kamili na zile changamoto nyingine zote, imeingia mkononi mwa msaidizi wa mgeni rasmi, sio kubaki mezani na chupa za maji. Muombe namba yake ya simu. Mgeni rasmi akiahidi kitu kwenye hotuba yake ya kujibu, mtu wa kamati aandike maneno yake kama yalivyo na tarehe, na ndani ya wiki mpeleke barua ya kushukuru inayotaja ile ahadi kwa idadi, mifuko mingapi ya saruji na bati ngapi. Ikipita wiki mbili kimya, piga ile namba.